Hadhi ya Mgeni

Kama mapenzi ndiyo yangekuwa yanagonga mihuri kwenye pasipoti, Nesrin asingekuwa na wasiwasi. Angegongewa muhuri wa maisha, kwa jinsi Volkan alivyokuwa akimtazama jioni ile nyuma ya duka la mikate, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Lakini mihuri hugongwa na serikali, na serikali ya Marekani ilikuwa imeshamwambia bila kupepesa macho kwamba viza yake ya mpango wa kubadilishana utamaduni imefika ukingoni.

Miaka miwili alilea mapacha wa watu kule Montclair, akawafundisha kuhesabu kwa Kituruki na kula mtindi na kila kitu. Mkataba ukaisha, mapacha wakalia, yeye akalia zaidi yao. Sasa alikuwa amejibanza katika chumba cha nyuma kwa Bi Makbule, hapa Paterson, akiumalizia muda mfupi wa kufungasha ambao sheria humpa mtu wa viza kama yake. Muda huo ulikuwa unakwisha Jumatano. Tiketi ya kurudi Uturuki, aliyokatiwa na wakala, ilikuwa ya Jumanne.

"Bonyeza tu hapo," Volkan alisema, akimsogezea kompyuta juu ya meza ya kukandia unga. "Nimeshajaza kila kitu. Kimebaki kidole chako."

"Nikibonyeza ndiyo nini?"

"Ndiyo unaomba wakutoe kwenye viza ya mpango wakupe hadhi ya mgeni. Ombi likifika kabla ya Jumatano, unakaa kihalali ukisubiri jibu. Wakikubali, wanakupa miezi sita. Mwanasheria kaniambia, watu wanafanya kila siku."

Nesrin aliinama akasoma. Nywele zake zilimwangukia shavuni, na Volkan akazirudisha nyuma ya sikio kwa kidole kilichojaa unga. Ni jambo dogo, lakini Nesrin alilazimika kuusoma mstari uleule mara ya pili.

"Kwenye sababu umeandika nini hapa?"

"Kwamba unataka kutembea. Kuiona nchi. Nimetaja Niagara."

"Niagara nikafanye nini? Maporomoko ya hapa Paterson penyewe sijayamaliza."

Wakacheka wote wawili. Kisha Nesrin akaacha kucheka.

"Na hapa wanauliza nitarudi lini kwetu."

"Nimeweka mwezi wa nne."

"Na mwezi wa nne nitarudi?"

Volkan alianza kubandua unga uliokauka kwenye viganja vyake. "Mwezi wa nne tutakuwa tumeshaoana, kipenzi. Mama atakuwa ameshapoa."

"Kwa hiyo nitakuwa nimesema uongo."

"Nusu uongo. Si utatembea? Utatembea kutoka ghorofani mpaka hapa chini dukani, kutusaidia."

"Mgeni haruhusiwi kufanya kazi, Volkan. Imeandikwa."

"Hii si kazi. Hii ni familia."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali haikuisikia methali hiyo. Mgeni wake akishika jembe tu, ameharibu. Nesrin alilijua hilo, na Volkan alilijua pia, ila mwanamume aliyeshikwa na mapenzi hupungukiwa na masikio.

"Mama yako anajua habari hii?" Nesrin aliuliza.

Volkan aliutupia jicho mlango wa mbele. Kule mbele ya duka sauti ya mama yake, Bi Sabriye, ilisikika ikimwambia mteja kwamba mikate ya ufuta imekwisha, aje kesho mapema kama watu wengine.

"Njoo kwetu," Nesrin alisema taratibu. "Nimekuomba tangu kiangazi. Upande ndege na mama yako, mje Rize, mkae sebuleni kwa baba. Nikupikie kahawa niitie chumvi, wewe uinywe mpaka mwisho bila kukunja uso, wajomba zangu wanakutazama. Mama yako aniombe kwa baba. Sisi wasichana wa kule ndivyo tunavyoposwa. Sina sharti jingine."

"Na duka libaki na nani?"

"Wiki moja tu."

"Mama hapandi ndege."

"Hapandi ndege, au haendi Rize?"

Volkan aligeukia tanuri ingawa hakikuwamo kitu. Yeye alizaliwa hapahapa Paterson, pasipoti yake ya Kimarekani anayo tangu utotoni, na angeweza kwenda kokote. Mama yake alizaliwa katika bonde la pili tu kutoka kwao Nesrin, mahali ambapo ukipiga kelele upande huu wa mashamba ya chai unajibiwa upande ule. Hata hivyo, mama huyo hakuwahi kumpeleka mwanawe kulitazama bonde hilo hata mara moja.

"Nipe mpaka Jumatatu," Nesrin alisema, akaifunga kompyuta. "Nitabonyeza kwenye kompyuta ya Bi Makbule, au sitabonyeza."

Volkan alimbusu kwenye paji la uso, akamwachia alama nyeupe ya unga. Nesrin hakuifuta mpaka alipofika nyumbani.

*

Jumamosi alimpigia baba yake. Mzee Yakup alikuwa ametoka shambani, wamemaliza kuchuma chai ya mwisho ya mwaka. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho.

"Mgeni ana heshima yake, mwanangu," alisema. "Lakini kila mgeni ana siku ya kuaga. Huyo kijana kama anakutaka, mlango wetu uko palepale. Yeye asipoijua njia, mama yake anaijua."

"Baba, una maana gani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi si mtu wa kusema ya wanawake wa watu kwenye simu."

Hakupata nafasi ya kuuliza. Jumapili mchana Bi Sabriye alijileta mwenyewe, kitambaa kichwani kimefungwa kwa heshima, mkononi sanduku la vitafunio vya jibini. Bi Makbule, mjane mwenye moyo mzuri na ulimi usiolala, alimkaribisha, akawamiminia chai katika vile vigilasi vyembamba, kisha akajitia ana kazi jikoni. Mlango wa jikoni aliuacha wazi kiasi cha sikio moja kupita.

Bi Sabriye hakuzunguka mbuyu. "Nasikia mwanangu anataka kukugeuza mgeni."

"Volkan amekwambia?"

"Ile kompyuta ni ya duka. Nilitaka kuagiza unga, nikakuta jina lako." Aliweka kipande cha sukari chini ya ulimi, akanywa chai kidogo. "Nina swali moja tu. Wewe binti, unamtaka mwanangu au unataka karatasi?"

Nesrin alihisi damu ikimpanda. Alikuwa amelitegemea swali hilo kwa miezi, na bado lilimchoma.

"Mama, ningekuwa nataka karatasi, ningekuwa nazo. Mwanao aliniambia tukafunge ndoa ya serikali tangu mwezi wa sita. Nilikataa."

"Kwa nini ukatae?"

"Kwa sababu baba yangu yuko hai."

Kigilasi kikabaki hewani. Bi Sabriye alikitazama kama hakijui ni cha nani, kisha akakishusha chini polepole.

"Wangu pia alikuwa hai," alisema.

Jikoni maji ya bomba yalizimwa ghafla. Bi Makbule hakutaka neno limpotee.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," Bi Sabriye aliendelea, macho yake yakiwa kwenye mapaja yake. "Baba alikuwa na mtu wake aliyemtaka. Mimi nilikuwa na wangu. Alfajiri moja baba yake Volkan alikuja na lori la binamu yake, akasimama chini ya shamba. Kijijini walisema nimeibwa. Sikuibwa. Nilikwenda kwa miguu yangu, viatu mkononi ili mbwa wasibweke. Nikasema, baba atakasirika mwezi mmoja. Nikasema, mtoto akizaliwa atalainika. Volkan akazaliwa huku, nikapiga simu. Baba akasema, namba hii siijui. Mwaka hata mwaka, namba hii siijui. Mpaka akafa."

"Mama..."

"Wewe ulivyoondoka kwenu, mama yako alimwaga maji?"

Nesrin aliitikia kwa kichwa. Alikumbuka vizuri. Gari lilipoanza kuondoka, mama yake alikimbia na jagi akamwaga maji nyuma yake, mengi mpaka yakamlowesha sketi, akisema: nenda kama maji, urudi kama maji. Kwao hakuna anayesafiri bila maji hayo.

"Nyuma ya lori letu hakuna aliyemwaga hata tone," Bi Sabriye alisema. "Nina pasipoti yao hapa. Nina duka. Nina kaburi la mume wangu pale juu ya kilima. Na bado ni mgeni, binti yangu. Huku mgeni, kule mgeni. Usibonyeze kile kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita binti yangu, na Nesrin hakujua alipokee vipi.

"Unaponiambia niende, unanifukuza au unanipenda?"

"Sijui bado. Nakwambia ninachokijua."

"Basi njoo, mama." Nesrin alimshika mkono. "Njoo na Volkan, uniombe kwa baba yangu. Hakuna mwingine wa kuniomba ila wewe."

Bi Sabriye aliuchomoa mkono wake kama umegusa sufuria ya moto. "Njia ya kwenu inapita mbele ya mlango wetu. Kaka zangu wapo pale. Nitapitaje mimi pale, nimevaa koti zuri, nakwenda kumwombea mwanangu binti wa watu kwa adabu, mimi niliyetoka na viatu mkononi?" Akasimama. "Usiniombe hilo. Mengine yote niombe."

Alipoondoka, Bi Makbule alitoka jikoni akifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vyombo. "Kitunguu," alisema. Hakukuwa na kitunguu.

*

Jumatatu Volkan alipanda ngazi za kwa Bi Makbule mbili mbili. Hakukaa.

"Hujabonyeza."

"Sijabonyeza."

"Keshokutwa ndiyo mwisho, Nesrin. Unanifanyia mchezo?"

"Kaa kwanza, Volkan."

"Sikai. Mama alikuja kukujaza maneno, sivyo? Anataka binti wa mjomba wa baba kule Clifton, yule anayecheka na meno yote. Nilijua tu."

"Mama yako alikuja kuniambia jambo ambalo wewe ulipaswa kuniambia."

Uso wa Volkan ulibadilika. Akaegemea ukuta. "Nikuambie nini? Kwamba kule kwenu mimi ni mtoto wa binti aliyeibwa? Kwamba hata babu yangu hakulijua jina langu? Nije nikae sebuleni kwa baba yako, wazee wananitazama, kila mmoja anakumbuka lile lori? Ningekunywa hiyo kahawa yako ya chumvi. Ningekunywa hata ndoo. Kinachonishinda ni yale macho."

Nesrin alimhurumia sana, na huruma hiyo nusura imshinde. Alitamani kuifungua kompyuta ya Bi Makbule palepale, abonyeze, yaishe. Angelala leo akijua kesho atamwona. Angenunua majani ya chai na chumvi kwenye duka la pembeni kama watu wote wa mtaa huu, na majira yakipita angezoea. Bi Sabriye naye alizoea.

"Ukienda," Volkan alisema, sauti imemshuka, "huenda wasikupe viza nyingine. Unalijua hilo? Watakuuliza pale ubalozini una nani Marekani. Ukisema kweli, wanakunyima. Mimi hapa na wewe kule, tunaangaliana kwenye simu mpaka mmoja achoke."

"Najua."

"Unajua na bado unakwenda. Hivi unanipenda kweli?"

"Nakupenda mpaka najichukia."

"Basi baki."

"Nibaki kama nani?" Sasa alipaza sauti na hakujali. "Nibaki ghorofani kwenu, mteja akiingia nijifiche kwa sababu mgeni hafanyi kazi? Baba yangu akiulizwa msikitini binti yako yuko wapi, aseme anatembea Niagara? Mgeni huletewa mto mzuri, huwekewa chai, na moyoni kila mtu anasubiri aage. Sitaki kuwa mgeni wako, Volkan. Nataka uniombe."

"Na nisipoweza kuja?"

"Basi nitakuwa nimejua."

Walitazamana. Volkan alikuwa na macho ya mama yake, meusi na yenye kiburi, na wakati ule yalikuwa yamejaa maji. Alinyoosha mkono kama atamgusa shavu, akaurudisha. Kisha akashuka ngazi moja moja, polepole kuliko alivyopanda, na mlango wa chini hakuufunga. Nesrin alisikia magari ya barabarani kwa muda mrefu kabla ya kuteremka kuufunga mwenyewe.

*

Jumanne ilikucha na mvua. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya kumwagika, mitaro imefurika mpaka kwenye vizingiti vya maduka. Bi Makbule alilipakia sanduku kwenye gari lake lililochakaa, na badala ya kukamata barabara ya uwanja wa ndege akakata kona kuelekea Barabara Kuu.

"Huku siko, Bi Makbule."

"Gari ni langu," alijibu, akasimama mbele ya duka la mikate.

Bi Sabriye alitoka na mfuko wa mikate ya ufuta bado ya moto, kitambaa chake kinalowa. Aliupitisha dirishani. Mkono wa pili alikuwa ameshika jagi la maji.

"Ya njiani," alisema. Akamtazama Nesrin usoni.

Ndani, kupitia kioo kilichojaa mvuke, Nesrin alimwona Volkan akikanda unga. Alikuwa ameupa mgongo mlango. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka kwa nguvu, unga ule ulikuwa unapigwa badala ya kukandwa.

"Haya Sabriye, mwaga maji tuondoke," Bi Makbule alisema. "Ndege haimngoji mtu."

Bi Sabriye alilitazama jagi. "Si mimi wa kumwaga," alisema. "Anayetaka arudi ndiye amwage."

Alirudi ndani. Nesrin alimwona akiliweka jagi juu ya meza, karibu na mikono ya mwanawe, katikati ya unga. Kisha akamwacha. Volkan hakugeuka.

"Twende," Nesrin alisema.

Gari likaondoka. Nesrin aliikumbatia mikate mapajani, moto wake ukampita kwenye koti mpaka ngozini. Alijiapiza hatatazama nyuma. Wakapita duka la nyama, wakapita kinyozi, taa ya njiapanda ikawa nyekundu, gari likasimama. Hapo akatazama nyuma.

Volkan alikuwa katikati ya barabara, shati la mikono mifupi limemgandama mwilini, magari yanampigia honi kutoka pande zote. Alikuwa amelishika jagi kwa mikono miwili. Barabara yote ilikuwa mto, mvua inamwagika juu ya kichwa chake, na yeye alikuwa anamwaga maji. Anayamwaga taratibu na kwa uangalifu, kama mtu asiyewahi kufundishwa na anaogopa kukosea. Nyuma yake mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Bi Makbule alimwona kwenye kioo. "Mvua yote hii," alisema, "na huyu mwendawazimu anaongeza maji."

Nesrin alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio kabla hakijamaliza kutoka. Hakujua kama Volkan atakuja. Hakujua kama Bi Sabriye ataweza kupita mbele ya ule mlango. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa cha gari, na kidole kile ambacho hakikubonyeza kilikuwa kinatafuta mahali pa kufungulia.

Taa ikawaka kijani.

"Endesha," alisema. "Endesha, Bi Makbule, kabla sijashuka."